Kamba za bumu: kuchagua na kufunga kwenye mashua ndogo ya tanga

Aliyelelewa na ngalawa au dau akipanda Laser kwa mara ya kwanza huuliza: kamba zote hizi za nini? Ana haki ya kuuliza. Kwenye dau, demani hutoka kwenye pembe ya tanga moja kwa moja hadi mkononi, na baharia akiikaza, tanga linavutwa nyuma, chini na ndani kwa mpigo mmoja. Mashua yenye bumu, yaani ule mti au bomba la alumini linalotandaza tanga kwa chini, imeigawa kazi hiyo kwa kamba tatu. Kuna kamba ya pembe, inayovuta pembe ya nyuma ya tanga kwenda kwenye ncha ya bumu. Kuna vangi, inayozuia bumu lisinyanyuke. Halafu kuna demani yenyewe, inayoleta bumu ndani na kuliachia nje.

Nitatumia Laser kama mfano, mashua ambayo tangu 2019 mashindano yake yanaendeshwa kwa jina la ILCA. Ni mashua ya mtu mmoja, urefu mita 4.2, tanga moja tu, bumu la alumini lisilofika mita 3. Klabu za Mombasa na Dar es Salaam zinazo, na nyingi ni za zamani, zimebadilishwa kamba na kila aliyezipitia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia dukani. Kama mashua yako ni ya aina nyingine, hesabu ni zile zile, ila makapi, yaani vigurudumu vya kupitishia kamba, yatakuwa mahali tofauti.

Usinunue kwa nguvu

Muuzaji wa hadwea atakuambia kamba hii inavuta gari. Hata kama ni kweli, haikusaidii. Kwenye mashua ya ukubwa huu karibu kamba yoyote nzima haitakatika. Mambo yanayokusumbua ni matatu: inanyumbuka kiasi gani, mkono unaishika vipi, na kliti, kile kibanio cha kuishikilia kamba, inaibana au inateleza.

Naironi iache kwa nanga. Inanyumbuka sana, na hilo ni jema pale unapotaka kamba imeze mshtuko wa wimbi. Kwenye bumu ni balaa. Upepo ukipiga kwa nguvu, kamba inarefuka, tanga linajaa tumbo wakati ule ule ulipotaka liwe bapa, na mashua inalala. Ikilowa, naironi hupoteza sehemu ya nguvu zake na kunyumbuka zaidi.

Zile kamba za plastiki za buluu au za rangi ya chungwa, za polipropilini, ni rahisi na zinaelea. Wavuvi wanazitumia kwa mambo mengi na hawakosei. Lakini jua letu linazila haraka. Zinakuwa ngumu, zinatoa miiba midogo inayochoma viganja, na fundo lake halitulii. Kwenye bumu sizitaki hata kwa muda. Kamba za katani na za makumbi nazo zina kazi zake, ila zikilowa zinavimba na kugoma kupita kwenye kapi dogo la plastiki.

Zinabaki mbili. Poliesta iliyosukwa, yenye kiini ndani na ganda nje, ndiyo kamba ya kazi: hainyumbuki sana, inastahimili jua, inashikika vizuri, na kliti inaibana. Ya pili ni Dyneema, jina la kibiashara la nyuzi za plastiki zenye nguvu sana. Hii ni nyepesi kiasi cha kuelea, na karibu hainyumbuki kabisa. Ya unene wa milimita 5 inavuka tani moja na nusu kabla ya kukatika, nguvu ambazo bumu lako litapinda kabla hujazifikia. Kasoro zake ni kwamba inateleza kama imepakwa mafuta, haipendi joto, na bei yake inauma.

Kwa hiyo changanya. Sehemu ya kamba isiyoguswa na mkono wala kliti, ile inayopita kwenye makapi na kubeba mzigo, iwe Dyneema ya milimita 4 au 5. Sehemu unayoishika iwe poliesta ya milimita 5 au 6, au Dyneema yenye ganda la poliesta. Ukiwa na fedha ya kipande kimoja tu cha Dyneema, kiweke kwenye vangi. Huko ndiko mzigo ulipo.

Unene una mtego wake. Wengi hununua kamba nene wakidhani ndiyo imara. Kamba ya milimita 8 kwenye kapi lililotengenezwa kwa milimita 5 inasugua mashavu ya kapi, nayo kliti haiwezi kuifunga meno. Beba kapi na kliti zako dukani, pitisha kamba, ivute. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Na rangi tofauti kwa kila kamba, tafadhali. Mashua ikiwa imelala na maji yanaingia, neno "legeza nyekundu" linaeleweka upesi kuliko maelezo mengine yoyote.

Pima kwa uzi kwanza

Kabla ya kukata chochote, chukua uzi wa kawaida na uupitishe njia yote ambayo kamba itapita, bumu likiwa mahali linapohitaji kamba ndefu zaidi. Kwa demani, hapo ni bumu likiwa limeachiwa nje kabisa. Kwa kamba ya pembe, ni tanga likiwa limelegezwa hadi mwisho. Halafu ongeza urefu wa mafundo na mkia wa kushika. Fundo moja la bolini, lile la kitanzi kisichojikaza, kwenye kamba ya milimita 6 hula karibu sentimita 30 pamoja na mkia wake. Kamba iliyobaki ndefu utaipunguza wiki ijayo. Iliyokatwa fupi itageuka kamba ya kuanikia nguo.

Hapa pia ndipo unapofanya hesabu ya makapi. Kapi lililofungwa mahali pamoja linageuza tu mwelekeo wa kamba. Kapi linalosogea pamoja na mzigo linakupunguzia nguvu kwa nusu. Ukiunganisha mifumo miwili ya namna hiyo, mmoja ukivuta mwingine, unapata mara 4, na mfumo wa tatu unakupa mara 8. Lakini bahari haitoi bure: kwa mara 8, kusogeza pembe ya tanga sentimita 10 lazima uvute sentimita 80 za kamba, na kila kapi la kawaida linakula sehemu ya nguvu yako kwa msuguano. Kwa kamba ya pembe mara 4 inatosha mtu mzima. Zaidi ya hapo unaanza kuvuta msuguano wako mwenyewe.

Kamba ya pembe

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo inayofungwa vibaya kuliko zote.

Anza na kitu kinachosahaulika: pembe ya tanga lazima ishikwe chini, karibu na bumu, na bado iweze kuteleza mbele na nyuma. Tumia mshipi laini wenye kufungika, au kipande cha Dyneema kilichozungushwa bumu mara mbili na kupita kwenye tundu la pembe. Ibakize nafasi ya kidole kimoja. Ukikaza mno hapo, hakuna kamba itakayoisogeza pembe. Ukiiacha mbali, pembe itapanda juu na kamba itavuta kwa mshazari.

Kisha funga kamba ya kwanza, ile ya Dyneema. Ncha moja ifunge kwa bolini kwenye jicho la ncha ya bumu. Ipitishe kwenye kapi dogo au pete laini iliyofungwa kwenye pembe ya tanga, irudishe kwenye kapi la ncha ya bumu, halafu ilete mbele ikifuata bumu. Mwisho wake utafungwa kapi linaloelea, yaani kapi ambalo halikushikizwa mahali popote isipokuwa kwenye kamba hii. Umeshapata mara 2.

Usifunge kapi hilo bado. Kwanza vuta pembe ya tanga kwa mkono hadi mahali pa kukaza kabisa, upepo mkali, tanga bapa. Mtu mwingine aishikilie hapo. Sasa ndipo unapolifunga kapi linaloelea, likiwa umbali wa karibu shubiri moja kutoka kapi la mbele, lile lililo karibu na shingo ya bumu, pale bumu linapoungana na mlingoti. Sababu ni hii: kila unapokaza, kapi linaloelea linakimbilia mbele. Likigusana na kapi la shingoni kabla tanga halijafika mahali pake, umekwama, na utavuta hadi mishipa itoke bila kitu kusogea. Ukiwa ufukweni hutaliona kosa hilo. Utaliona siku ya kusi.

Kamba ya pili, ya poliesta, inaanzia kwenye jicho au kliti ya upande wa mbele wa bumu, inaenda nyuma hadi kapi linaloelea, inarudi mbele hadi kapi la shingoni, halafu inashuka kwenye kapi la sitaha chini ya mlingoti na kutokea kwenye kliti unayoifikia ukiwa umekaa. Jumla mara 4.

Angalia kamba inaposhuka kutoka kwenye bumu kwenda sitahani. Lazima ishukie karibu kabisa na mlingoti, usawa wa shingo ambako bumu linazungukia. Ikishukia hata nusu ya mkono nyuma yake, basi kila unapoachia bumu nje, umbali kati ya bumu na sitaha unabadilika na kamba inajikaza yenyewe. Utashangaa kwa nini tanga linakuwa bapa ukienda na upepo wa nyuma, wakati ambapo unataka liwe na tumbo. Jaribu ufukweni: kaza kidogo, weka alama kwa kalamu pembe ilipo, zungusha bumu kutoka katikati hadi nje kabisa. Alama ikihama, sogeza kapi.

Mwisho, kamba ya mpira. Ukilegeza kamba ya pembe kwenye upepo hafifu, tanga halina nguvu ya kujirudisha mbele, na msuguano wa makapi yote hayo unaishikilia pembe pale pale. Funga kamba ya mpira ya milimita 4 au 5 kutoka kwenye pembe, ikiwa imenyooka kidogo, hadi kwenye kliti ya mbele ya bumu. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe unafanya kazi hiyo pia, mpaka jua litakapoupasua.

Kiasi cha kukaza unakipima kwa mkono, bumu likiwa katikati: umbali kati ya bumu na tumbo la tanga kwa chini. Upepo wa wastani, acha karibu shubiri. Upepo ukizidi hadi unashindwa kuizuia mashua isilale, nusu ya hapo au chini yake. Ukienda na upepo wa nyuma, legeza.

Vangi

Unapokwenda joshi, yaani kuukabili upepo kwa mshazari, demani imekazwa na inavuta bumu chini pamoja na ndani. Ukiachia bumu nje, demani inabaki na kazi ya pembeni tu, na upepo unalinyanyua bumu. Tanga linafunguka juu, linajipinda, na mashua inaanza kuyumba kushoto na kulia. Vangi ndiyo inayolishika bumu chini, kutoka sehemu ya mbele ya bumu hadi kwenye mguu wa mlingoti.

Kwa sababu imefungwa karibu na shingo na si kwenye ncha, inavuta kwa wenzo mfupi. Mzigo wake ni mkubwa kuliko kamba nyingine zote za bumu, na ndiyo maana mifumo ya kisasa ya Laser inafika hata mara 15. Kwa anayejifunza, au kwa mashua ya klabu inayoshikwa na kila mtu, mimi napendelea mara 4 hadi 6. Mfumo mrefu unamfanya mgeni avute kupita kiasi bila kujua, kisha bumu linapinda hapo hapo vangi iliposhika.

Fungia vangi ili kamba ifanye pembe ya karibu nyuzi 45 na mlingoti. Ikiwa mlalo mno, nguvu nyingi inakwenda kusukuma bumu kwenye mlingoti badala ya kulivuta chini. Kipande cha juu, kinachoshika bumu, kiwe Dyneema isiyo na ganda na mwisho wake uwe wa kusuka badala ya fundo. Njia rahisi ni kufukia mkia wa kamba ndani ya kamba yenyewe, kwa urefu wa mara 72 ya unene wake: kamba ya milimita 4 inahitaji mkia wa karibu sentimita 29. Shona nyuzi chache shingoni ili isichomoke ikiwa imelegea. Ukitumia fundo kwenye Dyneema tupu, acha mkia mrefu na ulikague kila safari, kwa sababu linateleza polepole bila kelele.

Kliti ya vangi iwe ya aina inayoachia kwa mvuto mmoja wa mkono. Upepo wa nyuma ukiwa mkali, mashua inapolala upande wa bumu, ncha ya bumu inaweza kuchota maji. Vangi iliyokazwa hapo inakupindua. Unataka kuilegeza ukiwa umekaa mahali pako, bila kutambaa mbele. Funga mikia ya kamba kwa namna ya kukufikia pande zote mbili za mashua, kisha kaa kwenye ukingo ufukweni na uhakikishe mkono unaifika.

Demani na travela

Demani ya Laser inaanzia kwenye jicho la kapi la nyuma ya bumu, inashuka hadi kapi la travela (kamba inayokatiza nyuma ya mashua), inapanda tena kwenye kapi la nyuma ya bumu, inapita kwenye kitanzi kilicho chini ya bumu, inafika kapi la katikati, halafu inashuka kwenye kapi la sitaha na kuingia mkononi. Ni kamba moja nzima isiyounganishwa, karibu mita 13, unene wa milimita 6 au 7. Mwenye mikono laini atatamani ya milimita 8, na siku ya upepo mkali ataifurahia. Siku ya upepo hafifu ataona bumu halitoki nje, kwa sababu kamba nene iliyolowa ni nzito na tanga halina nguvu ya kuivuta kupitia makapi manne. Vaa glavu, kaa na milimita 7.

Hapa nunua laini. Kamba ngumu inajikunja sakafuni na kushika miguu. Kamba mpya ilowekwe kwenye maji usiku mmoja, kisha ivutwe baharini nyuma ya mashua bila fundo lolote, ili msokoto wa kiwandani utoke.

Kama kapi lako la sitaha ni la breki, linalozunguka upande mmoja tu, hakikisha halikufungwa kinyume: linatakiwa lilie tiki tiki unapovuta demani ndani, na lishike unapoiachia kamba ibebe mzigo. Ni rahisi kupitisha kamba upande usio sahihi, na utalichukulia kapi kuwa limeharibika.

Mwisho wa demani piga fundo la nane, kisha funga ncha kwenye mkanda wa miguu, ule wa sakafuni unaochomekea miguu ukiegemea nje. Laser haina kamba za pembeni za kushikilia mlingoti, kwa hiyo hakuna kinacholizuia bumu kuzidi nyuzi 90. Piga fundo jingine mahali ambapo bumu litasimama likiwa mraba na mashua. Wakimbiaji wa mashindano huliacha lizidi kidogo; kwa mafunzo, mraba unatosha.

Travela, ile kamba inayokaa juu ya kana (mti wa kushikia usukani) nyuma ya mashua, iwe ya milimita 6 na isiyonyumbuka. Ikaze hadi iguse kana kwa ukaribu bila kuizuia. Travela iliyolegea inaliacha kapi lipande katikati, na unapokwenda joshi bumu linavutwa juu ya mashua badala ya kuvutwa chini.

Kama mashua yako inapunguza tanga

Tanga la Laser linapunguzwa kwa kulizungusha kwenye mlingoti, hivyo halihitaji kamba. Mashua kubwa kidogo zenye henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, na tundu la kupunguzia kwenye ukingo wa nyuma wa tanga zina kamba ya ziada kwenye bumu. Ianzie upande mmoja wa bumu, ipande hadi kwenye tundu, ishuke upande wa pili kwenye kapi, halafu ije mbele. Mahali pa kapi ndipo pa kupigia hesabu: lazima liwe nyuma kidogo ya pale tundu litakaposhukia, ili kamba ilivute tanga chini na nyuma kwa pamoja. Kapi likiwa chini ya tundu moja kwa moja, utapata tanga dogo lenye tumbo kubwa, kinyume kabisa cha ulichokitaka.

Ncha, mafundo, chumvi

Ncha za poliesta choma kwa kiberiti na uzizungushe zikiwa bado na joto, kwa kijiti, si kwa vidole. Dyneema haiyeyuki vizuri, kwa hiyo ifunge kwa uzi imara sentimita mbili hivi kabla ya kukata. Kata kwa kisu kikali kweli. Kisu butu kinaikwangua tu na kuiacha na manyoya.

Mafundo mawili yanakutosha kwa kazi yote hii: bolini pale unapotaka kitanzi kisichojikaza, na fundo la nane kuzuia kamba isichomoke. Mtu akikuletea fundo la tatu asilojua jina lake, lifungue.

Baada ya kila safari mwagia maji baridi ya bomba, hasa ndani ya makapi na kliti, kwa sababu chembe za chumvi zinapokauka ndizo zinazokata nyuzi za ndani. Mara kwa mara geuza kamba, ncha ya mbele iwe ya nyuma, ili ile sehemu inayobanwa na kliti isiwe moja daima. Ganda likianza kutoa manyoya mahali pamoja, tafuta kinachosugua kabla ya kununua kamba mpya: mara nyingi ni riveti iliyochomoza chini ya bumu, na tupa laini ya fundi inaimaliza kwa dakika chache.